Panzi Wawili wa Mwalimu Theonest

Mwezi wa sita mwaka 1952 Mwalimu Theonest alifanya jambo ambalo mkewe alichukua muda mrefu kulisamehe. Aliikokota baiskeli yake, nzima isiyo na kasoro, akaipeleka gulioni kwa fundi Masele na kumwambia aing'oe springi zote mbili za kiti. Masele alikuwa ametengeneza baiskeli za watu wa Mhunze na vijiji vyake kwa miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kurudisha vitu mahali pake, si kuvitoa. Alimtazama mwalimu, akaitazama baiskeli, akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa," Theonest akasema. "Nataka kutengeneza panzi."

Masele akachukua spana. Walimu walikuwa na mambo yao, na huyu tena alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu wa ndizi, ambaye kwa miaka saba aliyokaa Usukuma hakuwahi kuonekana kwenye ngoma hata moja. Akazing'oa springi, akazifunga kwenye kipande cha gazeti, na mwalimu akarudi shuleni saa nzima ya njia amekalia chuma kitupu.

Sasa nieleze shida yake, maana bila hiyo utamwona chizi. Theonest alifundisha darasa la sita katika shule ya kati, na kitu kimoja tu alichokitaka duniani ni kozi ya mwaka mmoja ya sayansi kule Tabora. Aliomba mara ya kwanza, akaambulia patupu. Aliomba mara ya pili, barua ikarudi na maneno mawili ya pole. Safari hii walimwandikia kwamba Bwana Mkaguzi atafika Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba, ataketi nyuma ya darasa aone somo moja, na neno lake ndilo litakaloamua. Chini kabisa waliongeza kuwa mwalimu aliyefikisha miaka thelathini na mitano asijisumbue kuomba. Theonest alikuwa akiitimiza hiyo thelathini na mitano Desemba. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa ile au basi.

Shule haikuwa na chombo chochote cha sayansi isipokuwa ramani ya dunia iliyoliwa na mchwa upande wa Australia. Kwa hiyo akajitengenezea. Alichonga vipande viwili vya mti mwepesi mfano wa panzi, akakaza springi chini ya tumbo la kila mmoja, na katikati ya springi akapachika kijiti chenye tonge la nta ya nyuki. Ukimkandamiza panzi juu ya ubao, nta inagusa na kunata. Unaondoa kidole, unasubiri pumzi mbili tatu, nta inaachia, na panzi anaruka wima kwenda juu. Mtoto wake Generosa alicheka mpaka akakaa chini. Hata Mama Generosa, ambaye bado alikuwa amenuna kwa ajili ya baiskeli, aliomba arushe mara moja.

Lakini Theonest hakutaka kuchekesha watu. Alichora mistari ya futi na inchi kwa mkaa ukutani, akamrusha panzi mmoja mara ishirini, jicho lake likiwa sawasawa na mstari. Futi nne, mara kwa mara futi nne, kasoro inchi huku, zaidi ya inchi kule. Kisha akashona kifuko cha changarawe chenye uzito ule ule wa panzi mwenyewe, akakipima kwa mizani ya kijiti na uzi, akamfungia panzi wa pili mgongoni. Futi mbili. Akarudia mara ishirini. Futi mbili. Springi zilikuwa pacha, nguvu ilikuwa moja, uzito umekuwa mara mbili, na kimo kimekuwa nusu. Alikaa sakafuni akiutazama ule ukuta kwa furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Kitu kinachovuta kila jiwe na kila tone la mvua kushuka chini kilikuwa kimetoa hesabu yake mbele ya macho yake, nyumbani kwake, kwa springi za kiti cha baiskeli.

Hapo angeishia, mambo yangekuwa mazuri. Lakini alitaka wanafunzi wapime wenyewe, maana Mkaguzi alisifika kwa kuchukia walimu wanaosema peke yao. Darasa lilikuwa na vijana ishirini na wanne, baadhi yao wakubwa wenye ndevu za kwanza. Jumatatu ya mwisho wa Juni akasimama mbele yao akasema, "Jigaweni makundi mawili. Chagueni wenyewe."

Kosa lilikuwa hapo, katika yale maneno matatu ya kujigawa, na yeye hakulijua.

Walijigawa upesi mno. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyesitasita katikati. Kumi na wawili wakaenda upande wa dirisha wakiongozwa na Nkwabi, kijana mrefu aliyekuwa akiwaimbisha wenzake shambani. Kumi na wawili wakaenda upande wa mlango nyuma ya Ngassa, mfupi, mpole wa sura, mbishi wa roho. Theonest alifurahi kuona nidhamu. Akawapa akina Nkwabi panzi mtupu, akina Ngassa panzi mwenye mzigo.

Nkwabi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wewe ni wa upande gani?"

"Mimi niko katikati," Theonest akasema. Darasa zima lilitazamana, kwa sababu hapakuwa na katikati.

Siku ya kwanza panzi mtupu aliruka futi nne. Panzi mwenye mzigo naye akaruka futi nne. Theonest akadhani amesikia vibaya. Akaomba warudie, ikawa futi nne na inchi moja. Akakishika kifuko, kilikuwa chepesi kama pumzi. Akakipasua kwa kisu. Ndani hapakuwa na changarawe hata punje, palikuwa na pamba.

"Changarawe iko wapi, Ngassa?"

"Ilianguka, Mwalimu."

"Ikaanguka, ikajishona pamba ndani?"

Ngassa alitazama miguu yake. Theonest akajaza upya, akashona kwa uzi wa viatu, akapiga lakiri ya nta juu ya fundo. Siku iliyofuata panzi mwenye mzigo akaruka futi nne na nusu, na springi yake ilikuwa na waya wa pili umezungushwa ndani kwa ufundi ambao Masele mwenyewe angeusifu. Theonest akaung'oa waya. Kesho yake panzi mtupu ndiye aliyeruka futi tano, kwa kuwa akina Nkwabi nao hawakukubali kulala. Miguu yake ilikuwa imepakwa unga mweusi wenye harufu ya mizizi iliyoungua.

"Hii nini?"

"Vumbi tu, Mwalimu," akasema Nkwabi, na nyuma yake wenzake kumi na mmoja wakaitikia kwa pamoja kwamba ni vumbi.

Kisha kulikuwa na habari ya nta. Mwezi wa saba asubuhi za Shinyanga zina baridi kavu, na nta ilikuwa ikinata hadi unaweza kumaliza sala nzima panzi hajaondoka. Ikifika saa sita jua linawaka, nta inalegea kama uji, na panzi anaruka kabla hujaondoa kidole au haruki kabisa. Theonest alichanganya nta na majivu, akachanganya na utomvu, akachanganya na mafuta ya karanga, akachoma vidole. Usiku akilala alikuwa akihesabu inchi. Alianza kuwafokea watoto wake mwenyewe. Siku moja aliupiga teke mlango wa jiko kwa sababu uligoma kufunga, na mkewe akamwambia taratibu, "Baba Generosa, mlango haujaomba kozi."

Lililomuumiza zaidi ni hili: peke yake nyumbani alipata futi nne na futi mbili kila mara. Akiingia darasani, sheria ile ile ilivunjika mikononi mwake. Alianza kuogopa kwamba amekosea yeye, kwamba amejidanganya kwa kutaka sana, na kwamba wakubwa wa Tabora walikuwa na haki kumnyima mara mbili zote. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Jumatano aligundua la macho. Alipopita nyuma ya akina Ngassa aliwakuta wapimaji wao wamelala chali karibu na ukuta, wakitazama juu. Panzi alikuwa akiruka futi moja mbele ya ukuta, kwa hiyo ukimtazama ukiwa chini kabisa, unamwona amefunika mstari wa juu sana kuliko kimo chake cha kweli. Vijana wale hawakufundishwa hilo na mtu. Walikuwa wameligundua wenyewe kwa siku tatu, na kama wangelileta kwake kama swali angewakumbatia. Badala yake wamelifanya silaha. Akageuka upande wa dirisha, akaona akina Nkwabi nao wako chini mavumbini, mmoja shavu lake limegusa sakafu.

"Simameni," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Jicho liwe sawa na panzi alipofika. Sawa na panzi. Nimesema mara ngapi?"

Walisimama. Alipowapa kisogo walilala tena.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Mkuu, Bwana Cornel, alikuwa mtu wa utaratibu aliyelipenda shamba la pamba la shule kuliko darasa lolote lile, na alikuwa ameshasema waziwazi kwamba kipindi kile cha panzi kingetosha kuchuma mistari sita. Alikuwa amevaa tai. Aliamuru somo lifanyike nje, ukutani mwa bohari, ili Bwana Mkaguzi asikae kwenye joto. Theonest alisema jua litaharibu nta. Cornel akasema nta haikualikwa.

Saa nne na nusu Theonest aliona watu wakija. Kwanza akina mama watano na watoto mgongoni. Kisha wazee na vigoda vyao. Kisha vijana waliomaliza kuvuna, wawili wawili, watatu watatu, mpaka uwanja ukajaa, na watu wale hawakuchanganyikana. Walijipanga pande mbili. Mwisho akaja fundi Masele na kijiti cha kusafishia meno mdomoni.

"Mwangaluka, Mwalimu. Ni leo?"

"Leo kuna nini? Hawa wote wameitwa na nani?"

Masele alimshangaa. "Wewe uliwaambia watoto wachague wenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi umewaita wewe. Huku, mtu akiambiwa achague upande, anakwenda upande wa baba yake. Kuna Bagalu, kuna Bagika. Wavunaji wakimaliza shamba wanashindana kwa ngoma uwanja mmoja, siku moja, na dawa juu, na anayeshindwa anaimbwa mwaka mzima. Akina Nkwabi ni Bagalu tangu babu zao. Akina Ngassa ni Bagika. Wewe umewapa Bagalu panzi mwepesi, Bagika ukawatwisha mzigo." Masele alitema kipande cha kijiti. "Ulidhani Bagika watakubali kuruka nusu?"

Theonest aliwatazama watu wa pande zote mbili. Siku kumi na mbili alikuwa akipima ugomvi wa mababu wa watu kwa futi na inchi, na kila mtu uwanjani alilijua hilo isipokuwa yeye. Alitaka kuwageuza watu, lakini gari la Bwana Mkaguzi lilikuwa limeshaingia langoni.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mwekundu, mwenye kaptula na Kiswahili cha kusomea. Aliketi, akafungua daftari. Theonest akaeleza uzito na kimo kwa sentensi alizozifanyia mazoezi mwezi mzima, na zilitoka vizuri. Kisha akasema, "Rusheni." Ngoma mbili zilianza kulia kwa pamoja, moja kila upande, na sentensi zake zote zikafa hapo.

Wapimaji walianguka mavumbini kama waliopigwa. "Futi sita," akaimba Nkwabi. "Futi sita na inchi mbili," akajibu Ngassa kutoka chini. Akina mama wa Bagika wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa Bagalu akasimama kwenye kigoda kudai panzi wa upande ule akaguliwe.

Mkaguzi alitazama madaftari ya makundi yote mawili. "Kwa hiyo, Mwalimu," akauliza kwa upole, "aliyebeba mzigo anaruka juu zaidi?"

"Hapana, Bwana. Anaruka nusu. Nipe nafasi nikuonyeshe mimi mwenyewe."

Alimchukua panzi mwenye mzigo, akapiga magoti, akamkandamiza. Ilikuwa karibu saa sita. Aliondoa kidole. Panzi hakuruka. Aliinama taratibu upande mmoja, nta ikavutika uzi mrefu wa manjano, akalala ubavu. Akajaribu mara ya pili, akalala tena. Watu zaidi ya mia tatu walicheka, bila ubaya wowote, kama watu wanavyocheka siku nzuri. Cornel aliigeuza shingo akatazama pamba yake. Theonest alibaki amepiga magoti, uso umemwaka, akitamani ardhi ile aliyoisifu kwa kuvuta kila kitu imvute na yeye.

Mkaguzi hakukasirika. Alikaa mpaka saa nane akitazama ngoma, akipiga makofi, akiandika kurasa na kurasa.

Jumatatu Theonest aliingia darasani bila kusalimu. "Badilishaneni panzi," akasema. "Akina Ngassa mpimieni Nkwabi. Akina Nkwabi mpimieni Ngassa." Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuwaadhibu, na hakupata adhabu nyingine iliyofanana na alivyoudhika.

Kilichotokea hakukitarajia. Kila upande ulitaka kumshusha panzi wa adui, na kila upande ulimlinda wa kwake asishushwe. Mpimaji wa Nkwabi alipoinua kichwa juu kidogo ili asome chini, watu watatu wa Ngassa walimshika mabega wakamrudisha. Wa Ngassa aliposimama kwa vidole vya miguu, akina Nkwabi walimkalia kooni. Wakabishana robo saa kuhusu jicho la mtu liwe wapi, na mwisho wakaleta ubao mnyoofu, wakaweka bakuli la maji juu yake kuhakikisha haujainama, wakaulaza kutoka ukutani, jicho la mpimaji likae usawa wake. Kifuko kilipimwa mbele ya wote. Vumbi jeusi lilifutwa kwa kitambaa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nta ikanata vizuri na kuachia vizuri.

Panzi mtupu, futi nne. Panzi mwenye mzigo, futi mbili na nusu inchi. Wakarudia mara kumi, wakaandika, wakatia sahihi pande zote mbili. Hakuna aliyebisha.

Theonest aliyatazama yale madaftari na hasira ikampanda. Ijumaa mlikuwa wapi, alitaka kusema. Ilikuwa siku tatu tu nyuma. Kabla hajasema kitu Ngassa alikuna kichwa, akauliza, "Sasa Mwalimu, kwa nini iwe nusu hasa?"

Ndilo swali alilolingojea tangu siku alipoanza kazi ya ualimu. Alichukua chaki. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Cornel na magunia ya kutosha darasa zima, akatangaza kwamba kuanzia leo kipindi hiki ni cha pamba. Vijana wakatoka mbio, maana shambani wangeimba. Theonest alibaki na chaki mkononi.

Barua ilikuja mwezi wa nane. Bwana Mkaguzi alikuwa amemsifu mno. Alisema hajaona mwalimu mwenye kipaji cha namna ile cha kuamsha wanafunzi pamoja na wazazi wao, akapendekeza apelekwe kozi ya miezi mitatu. Mkewe alisoma kwa sauti mpaka alipofika kwenye jina la kozi, kisha akaisoma iliyobaki kimyakimya. Ilikuwa kozi ya michezo na ngoma za asili.

Alikwenda. Mtu mwenye watoto wanne hakatai kozi. Akarudi na filimbi shingoni, na tangu hapo alikuwa mwalimu wa michezo, aliyefundisha vijana kuruka juu kwenye shimo la mchanga. Mashindano yake yalisifika wilaya nzima kwa jambo moja: kimo cha mrukaji kilipimwa na mahasimu wake, kwa ubao na bakuli la maji, na hakuna aliyewahi kubisha kipimo. Watu walimwita Mwalimu Panzi. Hakulipenda jina hilo hata siku moja.

Mwaka 1959, msimu wa pamba, alimkuta Ngassa gulioni Mhunze. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, amesimama kando ya mizani kubwa, amenenepa, kalamu sikioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ngassa. Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Hivi lile swali langu hukunijibu. Nusu ile."

Theonest aliegemeza baiskeli kwenye gunia. Alieleza yote, pale pale juani, kwa mkono na kwa mizani iliyokuwa mbele yao: springi ina nguvu yake moja tu ya kutoa, na dunia inauvuta uzito wote, kwa hiyo ukiugawia mzigo wa mara mbili nguvu ile ile, safari ya kwenda juu inakuwa nusu. Alieleza kwa utulivu, bila kurukia neno, kama alivyotaka kueleza miaka saba iliyopita. Wakulima wawili walisogea wakasikiliza. Ngassa alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Nimeelewa, Mwalimu," akasema. "Asante sana." Akatoa kalamu sikioni, akafikiri kidogo. "Mimi miaka yote nilijua ni dawa ya akina Nkwabi. Na hata sasa, nakuambia ukweli, ilikuwa kali."

Theonest alimuaga, akapanda baiskeli. Kiti chake hakikuwa na springi tangu mwaka ule, na njia ya kurudi shuleni ina mashimo mengi.